Namna ya Kupima Hitaji la Vitamini B12 la Mwani wa Seli Moja Mwanga na Virutubishi Vinapobadilika

Mtu anayekuza mwani wa seli moja ili kulisha vifaranga vya kambamiti, chaza au jongoo bahari hupewa kipimo kimoja cha vitamini katika maelekezo ya kukuzia, naye hukifuata mwaka baada ya mwaka bila kukihoji. Kipimo hicho hakimwangushi kwa sababu waliokiweka walikiweka juu kuliko hitaji la kawaida. Lakini siku anapoongeza taa, anapobadilisha mbolea au anapotaka kupunguza gharama, hugundua kwamba hakuna namba moja ambayo ndiyo hitaji la mwani. Hitaji hupanda na kushuka kufuatana na kasi ya ukuaji, na kasi hiyo huamuliwa na mwanga na virutubishi. Kwa hiyo anayetaka kulijua lazima apime vitamini, mwanga na virutubishi kwa pamoja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa vifaa vya maabara ndogo, na mfano wake ni *Tisochrysis lutea*, mwani wa kahawia wenye asili ya Tahiti ambao vituo vingi vya kutotolesha vifaranga huuita T-Iso, na ambao hauwezi kukua bila vitamini B12.

Kwa nini hitaji lipo

Vitamini B12, yaani kobalamini, hutengenezwa na bakteria na arkea (viumbe vingine vya seli moja visivyo na kiini) tu. Hakuna mwani wenye kiini cha kweli, mmea wala mnyama anayeweza kuitengeneza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ulikusanya taarifa za aina 326 za mwani na kukuta kwamba 171 kati yake haziwezi kuishi bila kupewa vitamini hiyo. Kinachotenganisha makundi hayo mawili ni kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kutengeneza methionini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Baadhi ya mwani una kimeng'enya kiitwacho METE ambacho hufanya kazi bila B12, na mwingine una METH pekee, ambacho bila B12 hakifanyi kitu. Upo pia wenye vyote viwili, kama *Phaeodactylum tricornutum* wa kundi la diatomu (mwani wenye ganda la silika), ambao hutumia vitamini ikipatikana na kujitegemea ikikosekana.

Tofauti hiyo ndiyo inayounganisha vitamini na virutubishi vingine. METE ni kizito: hufanya kazi polepole mara makumi kuliko METH, hivyo seli inayokitegemea hulazimika kukitengeneza kwa wingi, na wingi huo hugharimu nitrojeni pamoja na zinki. Mwanga nao unaingia kwa njia yake. Methionini ndiyo chanzo cha molekuli inayogawa vikundi vya methili ndani ya seli, na vikundi hivyo vinahitajika hata katika kutengeneza klorofili. Seli inayogawanyika kila siku katika mwanga mkali hugawa akiba yake ya vitamini nusu kwa nusu kila siku, wakati ile iliyo gizani kidogo huigawa mara moja kwa siku tatu au nne.

Aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Michael Droop, aliyefanya kazi katika kituo cha baharini cha Millport, Uskoti. Mwaka 1968 alichapisha vipimo vya mwani ambao wakati huo uliitwa *Monochrysis lutheri*, na leo unaitwa *Diacronema lutheri*, akaonyesha kwamba kasi ya ukuaji haifuati sana kiasi cha B12 kilichomo majini, bali hufuata kiasi kilichomo ndani ya seli. Kuna akiba ya chini kabisa ambayo seli ikiifikia huacha kugawanyika, na kadiri akiba inavyozidi hapo ndivyo kasi inavyopanda mpaka ifike kikomo chake. Naomba msomaji aishike hoja hii, kwa kuwa bila yake matokeo ya jaribio hayasomeki.

Maji na vimiminika vya vitamini

Mchanganyiko wa kukuzia tutakaoutumia ni f/2, uliotokana na kazi ya Guillard na Ryther ya mwaka 1962. Una mikromoli 882 za nitrati na mikromoli 36.2 za fosfeti kwa lita, madini ya kiasi kidogo yakiwemo chuma, zinki na kobalti, na vitamini tatu: mikrogramu 100 za thiamini, mikrogramu 0.5 za biotini na mikrogramu 0.5 za B12 kwa lita. Silika unaweza kuiacha, kwa kuwa *Tisochrysis* si diatomu. Tengeneza vimiminika viwili tofauti vya vitamini, kimoja chenye thiamini na biotini pekee, ambacho kila chupa itapata kwa kipimo kamili, na kingine chenye B12 pekee.

Maji ya bahari yaliyochotwa ufukweni hayafai yakiwa kama yalivyo, kwa sababu huja na vitamini yake. Tumia maji ya bahari ya kutengenezwa kwa chumvi safi za maabara. Ukikosa chumvi hizo, yatikise maji ya asili pamoja na mkaa amilifu, kisha uuchuje mkaa wote, maana mkaa huo hunasa B12. Kumbuka kuwa mkaa unaweza kunasa vitu vingine pia, ndiyo maana virutubishi na madini huongezwa baada ya hatua hii. Chupa zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa mara kadhaa. Sabuni ya kawaida haitoshi.

Vitamini zisichemshwe pamoja na maji katika otoklevu (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo). Thiamini hasa huharibika kwa joto katika maji yenye pH kama ya bahari, na hasara yake haionekani kwa macho. Zichuje kwa chujio la mikromita 0.2, uzitie maji yakishapoa, na akiba ya B12 ihifadhiwe katika chupa iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, ndani ya friza.

Yeyusha B12 kufikia gramu 1 kwa lita, na hicho ndicho kimiminika A. Mililita 1 ya A ikitiwa katika maji kufikia lita 1 hutoa kimiminika B, chenye nanogramu 1,000 kwa mililita. Mililita 1 ya B ikifikishwa mililita 100 hutoa kimiminika C, chenye nanogramu 10 kwa mililita. Kwa chupa yenye mililita 100 za maji ya kukuzia, mililita 0.05 za C hutoa nanogramu 5 kwa lita, mililita 0.2 za C hutoa nanogramu 20 kwa lita, na mililita 0.05 za B hutoa nanogramu 500 kwa lita, ambacho ndicho kipimo kamili cha f/2. Pamoja na chupa zisizotiwa kitu, hivyo ndivyo viwango vinne vya jaribio.

Kuushindisha mwani njaa

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Mbegu, yaani mwani wa kuanzishia chupa, unayoitoa katika f/2 ya kawaida imelelewa katika vitamini tele, na maji yake yanaweza kuwa bado na pikomola 369 za B12 kwa lita, ambazo ni zilezile nanogramu 500 zikihesabiwa kwa moli (pikomola moja ni sehemu moja ya trilioni ya moli). Ukitia mililita 1 ya mbegu hiyo katika mililita 100, umeongeza pikomola 3.7 kwa lita bila kukusudia, yaani kiasi kilekile cha kiwango chetu cha nanogramu 5. Chupa unayoiita tupu si tupu, na juu ya hayo kila seli imekuja na akiba yake tumboni.

Dawa yake ni kuhamisha mwani mara mbili au tatu katika maji yasiyo na B12, kila mara kwa uwiano wa 1 kwa 100. Baada ya uhamisho wa pili, kinachobaki kutoka katika maji ya mwanzo kinashuka chini ya pikomola 0.04. Fuata idadi ya seli kila siku: ukuaji ukianza kulegea wakati nitrati na fosfeti bado zipo kwa wingi, akiba inaelekea mwisho. Usiusubirishe mwani hadi ufe. Mbegu nzuri ni ile ambayo imelegea ila bado seli zake zinaogelea chini ya hadubini, na ambayo ukiitilia B12 katika chupa ya pembeni huanza kugawanyika tena.

Mwani ukiendelea kukua kwa furaha baada ya uhamisho wa tatu bila B12, usikimbilie kusema kwamba hauhitaji vitamini. Mara nyingi kuna anayeulisha.

Bakteria

Katika chupa ya kawaida ya kituo cha vifaranga, mwani huishi pamoja na bakteria, na baadhi yao hutengeneza B12. Mwani hutoa sukari na asidi za kikaboni, bakteria huzila, na vitamini hurudi majini. Ushirikiano wa aina hii umeonyeshwa vizuri kati ya mwani *Lobomonas rostrata* na bakteria *Mesorhizobium loti*. Kwa jaribio letu maana yake ni kwamba mwanga hubadilisha pande zote mbili kwa wakati mmoja: seli zikipata mwanga mwingi huhitaji vitamini zaidi, na papo hapo humwaga chakula zaidi kwa bakteria wanaoitengeneza. Ukipima bila kuwatenga, utapata tofauti kati ya mahitaji na ugavi, na hutajua kilichobadilika ni kipi.

Njia bora ni kuanza na mwani uliothibitishwa kuwa hauna bakteria, ambao unaweza kuagizwa kutoka hifadhi za mwani kama CCAP ya Oban, Uskoti, kama aina unayoitaka ipo katika hali hiyo. Njia nyingine ni kuusafisha kwa viuavijasumu, kama vile penisilini na streptomisini kwa pamoja, kwa siku chache, kisha kuuhamisha mara kadhaa ili viuavijasumu vyenyewe visibaki. Usafi hupimwa kwa kutia tone la mwani katika maji ya bahari yenye peptoni (chakula cha bakteria) na kuliweka gizani kwa wiki mbili au zaidi. Maji yakipoteza uangavu wake, bakteria wamo. Pima mwanzoni na mwishoni mwa jaribio, kwa sababu chupa iliyoanza safi inaweza kuchafuliwa na pipeti moja.

Asiyeweza kupata mwani safi asikate tamaa, ila abadilishe swali lake. Badala ya kuuliza seli moja inahitaji B12 kiasi gani, aulize mwani pamoja na bakteria wake unahitaji kuongezewa kiasi gani. Kwa mfugaji wa vifaranga swali hili la pili ndilo lenye faida ya moja kwa moja, mradi jibu lake lisiandikwe kama jibu la swali la kwanza.

Mwanga

Chagua viwango viwili vilivyo mbali: mikromoli 50 na mikromoli 250 za fotoni (chembe za mwanga) kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 12 za mwanga na 12 za giza. Kama una kipimo cha lux pekee, kwa taa nyeupe za mrija wa floresenti gawanya lux kwa 74, hivyo lux 3,700 ni karibu mikromoli 50 na lux 18,500 ni karibu mikromoli 250. Kigawanyo hicho si sahihi kwa taa za LED wala kwa jua.

Usipunguze mwanga kwa kusogeza chupa mbali na taa, kwa maana chupa za karibu zitapata joto zaidi, nawe utapima joto ukidhani unapima mwanga. Ziweke zote mahali pamoja na zile za mwanga hafifu uzivike tabaka za chandarua cheupe, ukipima mwanga ndani ya chandarua mpaka ufikie kiwango. Weka kipimajoto ndani ya chupa ya maji katika kila upande na uhakikishe tofauti haizidi nyuzi 1. Kwa *Tisochrysis* nyuzi 25 hadi 27 zinafaa, na chumba cha pwani chenye kiyoyozi kinaweza kuzishikilia.

Kuna jambo la pili kuhusu mwanga ambalo husahauliwa: mwanga huiharibu B12 yenyewe. Jua huanza kwa kuing'oa sehemu yake ya sianidi na kuigeuza kuwa hidroksokobalamini, ambayo mwani bado unaweza kuitumia, lakini ikikaa muda mrefu nguvu yake hupotea. Kwa hiyo chupa ya mwanga mkali inaweza kuonekana ina hitaji kubwa kumbe vitamini imeliwa na mwanga. Ili kutenganisha mambo haya, andaa chupa za maji ya kukuzia yenye nanogramu 20 za B12 kwa lita bila mwani wowote, uweke nusu katika mwanga mkali na nusu gizani kwa siku zote za jaribio. Mwishoni zitie zote mbegu yenye njaa, uzikuze katika mwanga mmoja, na ulinganishe mavuno. Upungufu katika zile zilizokaa mwangani ndio sehemu iliyoharibiwa.

Nitrojeni, na mpango wa chupa

Virutubishi viwe na viwango viwili pia: nitrati kamili ya mikromoli 882, na nitrati ya mikromoli 88. Fosfeti na madini viache kama vilivyo, ili kinachobadilika kiwe kimoja. Viwango 4 vya vitamini, 2 vya mwanga na 2 vya nitrati, kila mchanganyiko ukirudiwa mara 3, vinafanya chupa 48, idadi ambayo watu wawili wanaweza kuihesabu kila siku. Ongeza chupa chache za *Dunaliella tertiolecta*, ambayo haihitaji B12. Ikikua sawa katika viwango vyote vya vitamini, una uthibitisho kwamba maji yako hayana tatizo lingine. Ikizorota kwenye chupa zisizo na B12, rudi ukaangalie maandalizi yako kabla ya kuandika lolote. Changanya nafasi za chupa kila siku, maana hakuna rafu yenye mwanga sawa kila pembe.

Kuhesabu

Hesabu seli zenyewe kwa hadubini na kioo cha kuhesabia seli. Tone litiwe kwanza dawa ya Lugol (yenye iodini) kidogo ili seli zitulie, kwa kuwa *Tisochrysis* huogelea. Kwenye kioo cha Neubauer, wastani wa seli katika mraba mmoja mkubwa ukizidishwa kwa 10,000 hutoa idadi kwa mililita. Rangi ya maji au mng'ao wa klorofili visichukuliwe kuwa badala ya kuhesabu. Seli za mwanga hafifu hubeba klorofili nyingi zaidi, zile zenye njaa ya nitrojeni hupauka, na zenye njaa ya B12 huweza kuvimba bila kugawanyika. Kila kimoja kati ya vitu unavyovibadilisha hubadilisha pia rangi kwa kila seli.

Kasi ya ukuaji hupatikana kwa kutoa logi asilia ya idadi ya mwanzo katika ile ya mwisho na kugawanya kwa siku. Mwani uliotoka seli 20,000 hadi 160,000 kwa mililita katika siku 3 una kasi ya 0.69 kwa siku, yaani unaongezeka maradufu kila siku. Andika namba mbili kwa kila chupa: kasi ya siku za mwanzo, na idadi ya juu kabisa iliyofikiwa.

Kusoma matokeo

Idadi ya juu ndiyo inayotoa akiba ya chini ya seli, lakini kwa zile chupa tu ambazo vitamini ndiyo iliyozisimamisha. Tuseme chupa yenye nanogramu 5 kwa lita imesimama kwenye seli 500,000 kwa mililita. Nanogramu 5 kwa lita ni pikomola 3.7, na hizo ni molekuli bilioni 2.2 katika kila mililita. Zigawe kwa seli 500,000 upate molekuli 4,400 hivi kwa kila seli. Fanya hesabu hiyo kwa mwanga mkali na kwa mwanga hafifu, ukiondoa kwanza sehemu iliyoharibiwa na mwanga. Mavuno yakilingana huku kasi zikitofautiana, basi akiba ya chini haikubadilika. Kilichobadilika ni haraka ambayo seli inalazimika kuivuta vitamini kutoka majini, na katika tangi, jambo hilo ndilo linaloamua ni mara ngapi uongeze. Mavuno ya mwanga mkali yakiwa madogo kwa vitamini ileile hata baada ya kuondoa sehemu iliyoharibika, kila seli sasa inatumia zaidi, na kipimo chenyewe kinapaswa kupanda.

Chupa za nitrati kidogo zinahitaji uangalifu zaidi. Huenda zote zenye nanogramu 20 na kuendelea zikasimama mahali pamoja, na mtu akasema kwamba nitrojeni ikipungua hitaji la B12 hupungua. Hilo halijathibitishwa, kwa sababu nitrojeni imeisha kwanza na vitamini haikupata nafasi ya kuonekana. Ukuaji unaposimama, gawa maji ya chupa hiyo katika vichupa vinne: kimoja ukiongezee B12, cha pili nitrati, cha tatu vyote viwili, cha nne usikiongezee kitu. Kinachoanza kukua tena ndani ya siku mbili au tatu kinakuambia kilichokosekana. Ikiwa B12 pekee haisaidii, nitrati pekee haisaidii, na zote mbili kwa pamoja zinaufufua mwani, basi umeukuta upungufu wa vitu viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo jaribio la kirutubishi kimojakimoja lisingelionyesha kamwe. Mimi hukichukulia kichupa hiki cha tatu kuwa cha thamani kuliko chupa nyingine zote za jaribio.

Kwa thiamini hatua ni zilezile, ila kipimo chake katika f/2 ni nanomola 296 kwa lita, yaani mara 800 ya B12, hivyo mbegu huhitaji uhamisho zaidi kabla haijaisha. Uhusiano wake na mwanga nao ni wa karibu, kwa kuwa kimeng'enya kimoja cha mzunguko wa kufunga kaboni katika usanisinuru, transketolasi, hakifanyi kazi bila thiamini.

Ukishapata kipimo chako, kijaribu kwanza katika tangi moja huku mengine yakiendelea kama zamani, na ulihesabu kwa mizunguko mitatu mfululizo. Tia vitamini baada ya maji kuchujwa na kupoa, jioni taa zinapozimwa, ili seli zipate usiku mzima wa kuivuta kabla mwanga haujaanza kuiharibu.